Saa Ambazo Upepo Unatosha

Kipimajoto cha saba kilikuwa kimefungwa juu kabisa, karibu na dari, na ili kukifikia Kidoti ilimbidi avue viatu na kupanda juu ya meza ya mwalimu. Ndivyo alivyokutwa: miguu mitupu, mikono juu, bisibisi imebanwa kwa meno, na mtu ambaye hakuwa amemwona kwa miaka mitatu amesimama mlangoni.

"Shuka taratibu," sauti ilisema. "Hiyo meza ina mguu mmoja mbovu."

Hakuhitaji kugeuka. Moyo ulimlipuka paa, bisibisi ikamtoka mdomoni na kuanguka sakafuni kwa kishindo.

"Umejuaje kama mguu ni mbovu?" aliuliza, bado akitazama dari.

"Niliikalia wiki nzima mwaka jana nikisubiri mafundi wa madirisha."

Alikuja akamnyooshea mkono amsaidie kushuka. Kidoti aliutazama ule mkono. Vidole vilevile virefu, alama ileile nyeusi ya penseli pembeni mwa kidole cha kati. Akaamua kushuka mwenyewe, kipimajoto mkononi. Meza ikayumba, na kabla hajajua kinachotokea alikuwa ameshikwa kiwiko. Kisha mkono ukaondolewa haraka, kama wa mtu aliyegusa sufuria iliyo motoni.

"Asante," alisema.

"Hujambo, Doti?"

Hakuna mtu mwingine aliyemwita hivyo. Nyumbani alikuwa Kidoti tangu utotoni, kwa sababu ya alama ndogo nyeusi juu ya mdomo wake. Ni huyu peke yake aliyeliona jina hilo refu mno, akalikata nusu akabaki nalo.

"Sijambo, Msanifu."

Naye mji mzima ulimwita hivyo, kwa kazi yake ya kusanifu majengo. Ndevu zake zilikuwa zimeanza kupata nywele nyeupe mbili tatu. Amekonda, Kidoti aliwaza, kisha akajikemea. Kukonda kwake kunamhusu nini?

Alichohusika nacho ni jengo. Chuo cha wauguzi, vyumba tisa vya madarasa, ghorofa moja, na humo ndani hakuna kiyoyozi hata kimoja. Msanifu alikichora ili kipoe kwa hewa: madirisha mapana upande wa mbele, matundu marefu upande wa nyuma, na minara miwili ya matofali ya kutolea hewa ya moto juu ya paa. Mkuu wa chuo alitaka kipate cheti cha jengo la kijani, yaani jengo linalotumia umeme kidogo. Lakini wakaguzi wa cheti walikaa mbali na hawakulitembelea jengo. Walitazama hesabu za umeme. Na hesabu hizo zilikuwa na kanuni ambayo watu wengi waliiona kichekesho. Jengo lisilo na kiyoyozi, ndani ya kompyuta unaliwekea kiyoyozi cha kufikirika. Kisha unapita saa kwa saa, mwaka mzima. Saa ambayo upepo wa madirishani unatosha watu wasitaabike, unakizima. Saa ambayo hautoshi, unakiacha kiwake na umeme wake unauhesabu. Alama unazipata kwa zile saa za kuzima tu, na kila moja uwe na ushahidi wake.

Mtu wa kwanza kufanya hesabu za chuo hiki alikizima kiyoyozi saa zote. Madirisha wazi usiku na mchana, masika na kiangazi. Wakaguzi wakarudisha makaratasi na swali moja: nani anayafungua hayo madirisha?

Ndipo Kidoti alipoitwa, maana hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake. Siku ya kwanza alimwambia Mkuu wa chuo, mama wa makamo aliyekuwa muuguzi miaka thelathini, "Mkuu, kabla hujasaini, ujue kwamba Fundi Baridi ni baba yangu."

Kwa sababu Mkuu hakuwa mtu wa kuegemea ukuta mmoja. Cheti kikikosekana, alikusudia kuziba matundu na kuweka viyoyozi vyumba vyote tisa, na fundi wa viyoyozi aliyeaminika kuliko wote mjini alikuwa baba yake Kidoti.

"Najua," Mkuu alijibu, akiendelea kusaini. "Ukisema upepo hautoshi, watu watasema umempa baba yako kazi. Ukisema unatosha, baba yako atakununia. Huna wa kumfurahisha, mwanangu. Wewe pima tu."

Kidoti alipima. Wiki tatu vipimajoto tisa vilirekodi joto kila baada ya dakika kumi, na leo alikuja kuvikusanya. Jambo moja tu hakumwambia Mkuu. Hakumwambia kwamba aliyelichora jengo hili aliwahi kuja nyumbani kwao kumposa.

Ilikuwa Jumapili. Alikuja na mjomba wake, shati limenyooshwa hadi linakata. Sebule ya Fundi Baridi ilikuwa na viyoyozi viwili, na vyote viliwashwa kwa heshima ya wageni. Mjomba wa watu alikaa amekumbatia magoti. Baba akauliza swali ambalo kila baba huuliza: "Kijana, kazi yako hasa ni ipi?"

Na Msanifu, ambaye Mungu alimpa kila kitu isipokuwa kujua wakati wa kunyamaza, alijibu, "Nasanifu majengo yasiyohitaji viyoyozi, mzee."

Mama alikohoa. Baba aliweka kikombe chini.

"Umekuja kuposa," aliuliza, "au kuzika?"

Neno likazaa neno. Baba akakumbuka shule moja iliyofuta oda yake ya mashine, akauliza msanifu wake alikuwa nani, akaambiwa ukweli: ni huyuhuyu. Wageni waliondoka chai haijapoa. Mlangoni Msanifu aligeuka akamtazama Kidoti. Sekunde tano, labda kumi. Na Kidoti, aliyekuwa na maneno elfu kifuani, alitazama zulia.

Wiki mbili baadaye alisikia kwamba amehama mji, na akirudi ni kwa kazi tu.

"Nionyeshe," Msanifu alisema sasa, akivuta kiti karibu na kompyuta yake. Karibu, lakini si karibu sana. "Mkuu ameniita nisikie vipimo. Naweza kuona, au ni siri?"

"Si siri. Jengo lako." Alichomeka kipimajoto cha saba, mistari ya rangi ikapanda na kushuka kwenye kioo. "Vyumba sita vya mbele ni vizuri. Ni vizuri mno, hata mimi sikutarajia. Saa nane mchana, jua la utosi, hakuna chumba kinachozidi nyuzi ishirini na nane. Na nimewauliza wanafunzi mmoja mmoja. Wanayafungua madirisha wenyewe asubuhi, mlinzi anayafunga jioni. Nimeyaandika yote hayo."

Alimwona akitabasamu. Lile tabasamu la upande mmoja. Akageuza macho haraka kwenye kompyuta kabla halijamfanya mjinga.

"Na vya nyuma?" aliuliza Msanifu. Tabasamu lilikuwa limeondoka.

"Thelathini na moja na nusu. Siku nyingine thelathini na mbili. Kile cha mazoezi ndicho kibaya zaidi. Upepo hauingii, na ukiingia kidogo unapeperusha pamba na bandeji, kwa hiyo wanafunga madirisha kabisa." Akashusha sauti. "Ni lile ghala la jirani. Ukuta wake umepanda hadi ghorofa ya juu. Unaziba kila kitu."

"Waliupandisha nikiwa nimeshamwaga msingi."

Kidoti aligeuka. "Kwa hiyo ulijua?"

Msanifu aliinama akaiokota bisibisi sakafuni.

"Ulijua, na ukamwacha yule mtu aandike kwamba vyumba vyote tisa vinapumua? Wewe? Wewe uliyenifundisha kwamba dirisha bovu ni uongo ukutani? Kwa nini hukusema?"

Msanifu alimtazama, na safari hii hakukwepesha macho.

"Wewe, Doti," alisema polepole, "wewe ndiye unaniuliza mimi kwa nini sikusema?"

Neno lilimwingia kama sindano. Kabla hajajibu, nyayo zilisikika kwenye korido, na sauti ambayo angeitambua hata usingizini ilikuwa ikilalamika juu ya ngazi.

"Shikamoo, mzee," alisema Msanifu, akisimama.

Fundi Baridi alisimama mlangoni na koti lake la kazi la bluu, futi ya chuma mkononi, Mkuu wa chuo nyuma yake. Alimtazama kijana. Akamtazama binti yake asiye na viatu. Akavitazama viti viwili vilivyosogeleana.

"Marahaba," alisema mwishowe, kama mtu aliyelipishwa faini. "Nimekuja kupima vyumba."

Hakupima kwa futi. Alichukua chupa ya maji, akalowesha mgongo wa mkono wake, akasimama katikati ya chumba na kufumba macho. Kidoti alikuwa amemwona akifanya hivyo mara mia tangu utoto, na kila mara alihisi kama anamwona mtu akisali. Akatoka, akaingia chumba cha pili, cha tatu, wote wakimfuata kama wanafunzi.

Chumba cha sita alifumbua macho. "Humu siweki mashine."

"Fundi," Mkuu alicheka, "nimekuita uniambie bei, wewe unafukuza kazi?"

"Nitakuwa mwizi, mama. Hewa inaingia hapa, inapanda pale, inatoka. Niweke mashine ya kupoza kilichopoa?" Akajifuta mkono kwenye koti. "Hata mimi nina Mungu."

Msanifu alitazama sakafu.

Chumba cha mazoezi, upande wa nyuma, Fundi Baridi hakufumba macho. Kulikuwa na wanasesere watatu wamelazwa vitandani, wamefungwa bandeji vichwani, na jinsi kulivyokuwa na joto ungedhani wana homa kweli. Dakika tatu, koti lilikuwa limemganda mgongoni.

"Hiki, na viwili vya ubavuni. Humu watoto wa watu wataugua." Akamgeukia Msanifu, kwa mara ya kwanza akimsemesha yeye. "Ulijua?"

"Nilijua, mzee."

"Basi ungesema."

"Ni kweli. Ningesema. Niliona aibu. Nilitaka jengo moja tu lisilo na dosari, nije nikuonyeshe."

Mkuu wa chuo aliinua nyusi, akamtazama Kidoti, kisha akaona kumbe kuna kitu dirishani cha kutazama.

Fundi Baridi alijifuta uso kwa mkono wa koti. Aliposema, alisema kazi tu. "Mashine tatu ndogo. Si tisa. Na kwenye kila dirisha uweke swichi, dirisha likifunguliwa mashine inazima yenyewe. Mtu asipoze barabara."

"Hiyo wakaguzi wataikubali," Kidoti alisema. "Vyumba sita vinapata alama zote. Vitatu vinapata kwa zile saa ambazo dirisha liko wazi. Cheti hakitakuwa cha daraja la juu, Mkuu. Lakini kitakuwa cha kweli."

"Cha kweli kinanitosha," alisema Mkuu.

Wanaume wawili walikuwa wameshainama kwenye bawaba ya dirisha, wakibishana swichi ikae juu au chini. Vichwa viwili karibu kugusana, kimoja cheupe, kimoja kinachoanza. Kidoti aliwatazama. Miaka mitatu aliota picha hiyo, na sasa ilikuwa mbele yake, na haikuwa yake.

"Nakusubiri kwenye gari," baba yake alisema mwishowe. Akatoka na Mkuu bila kuaga.

Walibaki wawili.

"Jumamosi naondoka," Msanifu alisema, bado akichezea bawaba. "Kuna hospitali inajengwa, mbali, safari ya siku mbili. Nimesaini miaka miwili."

"Aa. Hongera."

"Doti."

"Ni kazi nzuri. Hongera."

"Sikuondoka kwa sababu ya baba yako," alisema. "Uelewe hilo. Baba yako alikasirika, na mimi nilijibu kijinga, yangeisha. Ningerudi na mjomba mara kumi. Lakini nilikutazama pale mlangoni nikawa nasubiri neno moja. Moja tu. Hata 'Baba, basi.' Hukusema. Nikasema, haya, huenda mimi ndiye nilikuwa naota peke yangu."

Kidoti alitaka kusema. Mungu ni shahidi, alitaka. Lakini honi ililia nje, fupi, na miguu yake, iliyozoea kutii, ikamchukua hadi kwenye gari.

Baba yake aliwasha injini. Gari lilikuwa limeanza kurudi nyuma alipojisikia akisema, "Baba, zima gari."

"Umesahau nini?"

"Zima tu, Baba."

Akazima. Kidoti alitazama mikono yake mapajani.

"Nampenda yule mtu," alisema. "Nilimpenda siku ile na sijaacha. Ungejua nimejaribu kuacha. Ulimuuliza kazi yake, Baba, akakujibu. Hakukutukana. Mimi ndiye niliyekosa. Nilinyamaza."

Alingoja radi. Haikuja. Baba yake alikuwa ameshika usukani kwa mikono miwili kama anaendesha.

"Alinidhalilisha mbele ya mke wangu," alisema.

"Najua."

"Lakini zilipita siku tatu tu, hasira zikaisha. Mimi si mtu wa kinyongo, muulize mama yako. Nikawa nakusubiri. Miaka mitatu nakuona unakula nusu sahani, unakesha na hizo kompyuta zako, nikawa najiambia, akimtaka atasema. Ana mdomo. Husemi. Nikasema basi, kumbe hakumpenda, kumbe nilimwokoa." Akamgeukia, na macho yake yalikuwa yamezeeka kuliko Kidoti alivyoyajua. "Mwanangu, watu wawili tulikuwa tunakungoja wewe."

Kidoti alilia. Alilia kwa sauti, kama mtoto, pua na vyote. Baba yake akamtafutia kitambaa, akapata kile cha kufutia mashine, akamwangalia, akakirudisha.

"Bado yumo ndani?"

"Yumo."

"Sasa humu unafanya nini?"

Alikimbia. Korido ilikuwa ndefu kuliko ilivyokuwa mwanzo. Msanifu alikuwa bado chumba cha mazoezi, amekaa ukingoni mwa kitanda, kalamu mkononi, hachori kitu.

"Nimemwambia," alisema Kidoti, akihema.

Msanifu alisimama taratibu. "Umemwambia nini?"

"Kwamba nakupenda. Sikuja kukuzuia safari. Mkataba ni mkataba, na miaka miwili najua ni miaka miwili. Na kama nimeshachelewa kusema, pia sawa, nitajua nimevuna nilichopanda. Lakini sitaki uondoke tena bila kusikia. Nakupenda. Siku ile nilikupenda hivihivi, nikatazama zulia."

Alidhani atamkumbatia. Badala yake Msanifu akakaa tena kitandani, karibu amkalie mwanasesere miguu. Akafunika uso kwa viganja. Alipoviondoa macho yalikuwa mekundu.

"Sema tena," alisema.

Akasema tena.

Msanifu aliushika mkono wake, mmoja tu, akauweka shavuni, ukabaki hapo. Chumba kilikuwa na joto la kuchemsha. Hakuna aliyetoka.

Jumamosi aliondoka. Kidoti hakwenda kumsindikiza. Aliogopa angemshika shati.

Majibu ya wakaguzi yalikuja baada ya wiki tano. Vyumba sita walivikubali bila swali, vitatu wakavikubali baada ya kuona picha za swichi za madirisha. Ilikuwa Jumapili, saa kumi alasiri, wote wako sebuleni, Kidoti alipompigia Msanifu simu kumpa habari. Mtandao ulikuwa mbovu. Alimsomea barua mstari kwa mstari, akipaza sauti, na Mama akacheka kwamba huko kwenye hospitali wangesikia hata bila simu.

Baba yake alinyoosha mkono. "Nipe."

"Baba, bado naongea naye."

"Nipe, nimesema."

Alichukua simu, akasafisha koo. "Hujambo, kijana? Sikiliza. Hapa nyumbani kwangu unakuja lini?" Akasikiliza. "Na mjomba wako?" Akasikiliza tena, kidevu kikipanda na kushuka. "Haya. Mwambie avae koti." Akamrudishia Kidoti simu bila kumtazama. "Amesema mwezi wa kumi na mbili."

Kidoti alitoka nayo hadi uani, akakaa kwenye ngazi ya mlango wa nyuma.

"Kweli umemwambia mwezi wa kumi na mbili?"

"Kweli. Mapema kuliko hapo hawaniruhusu."

"Ni miezi saba."

"Nimeihesabu."

Alibana simu sikioni hadi ikamuuma. Huko mbali nyundo zilikuwa zikigonga mabati, mtu akiita mtu, na karibu zaidi, karibu kabisa, pumzi yake.

"Usikate," alisema Kidoti.

"Sikati."

Nguo za Mama zilikauka kwenye kamba, kivuli cha ukuta kikafika ngazi ya kwanza, kisha ya pili, na hakuna aliyekata.